Najificha chooni ili nipate kupumua

"Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa langu lina watoto 90. Nikirudi nyumbani Mbagala nawakuta mama mkwe, mawifi wawili na watoto, redio inalia, kila mtu ana jambo la kunieleza. Nawapenda, ila nakuwa hoi. Siku hizi naingia chooni nakaa hata dakika 40. Wifi mkubwa anasema naringa kwa kuwa nimesoma. Nina ugonjwa gani?"

Mwanangu, huna ugonjwa. Wapo wanaochangamshwa na gumzo, na wapo wanaochoshwa nalo hata likiwa tamu. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliandika habari za watu wa aina hizo mbili tangu 1921, kwa hiyo wifi yako hajagundua maringo mapya mjini.

Hata hivyo namwelewa. Kwetu mtu akijifungia bila neno, basi amenuna. Kutaka kukaa peke yako si kosa. Kosa ni kujificha. Tena chooni, nyumba imejaa watu! Wasikuseme?

Ukifika, toa salamu, kaa na mama mkwe umalize kikombe kimoja cha chai, ndipo useme: "Mama, naenda kujinyoosha kidogo, kichwa kimechoka." Usimwambie unataka kuwa peke yako, ataona unamkimbia. Uchovu wa mwalimu anaujua kila mtu. Na mumeo atangulie kusema na mama yake. Neno hilo likitoka kwa mwanawe halina makali. Nusu saa yatosha, simu ukiiacha sebuleni. Ukilala nayo huku magrupu ya WhatsApp yanaita, umehamia kwenye baraza jingine tu.

Siku za wageni, shuka daladala kituo kimoja kabla, utembee taratibu. Au omba kazi ya kuchambua mchele. Mimi hapa huchambua nusu saa mchele usio na hata chembe ya mchanga. Mwenye ungo hasumbuliwi na mtu.

Ila ukipumzika hivyo wiki mbili na bado huna hamu hata ya yale uliyoyapenda, usingizi nao umepaa, nenda hospitali. Hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ungo hauitibu.

Choo waachie wenzio kuanzia leo jioni.