Mwache Penelope, msikilize anayesaga unga

Rasimu ya kwanza ya hadithi yangu ilikuwa na kurasa 40, na katika zote Penelope, mke wa shujaa Odysseus katika hadithi za Wagiriki wa kale, alikuwa anahutubia. Alihutubia akifuma, alihutubia akifumua, alihutubia hata usiku ule mumewe anaporudi kitandani kwake baada ya miaka 20. Nilimsomea shangazi yangu, mwalimu mstaafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza: "Mwanangu, huyu mama anagombea udiwani?"

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaisoma rasimu ile kwa sauti, peke yangu, nikagundua kwamba kila alichosema Penelope nilishakisema mimi, kwenye daladala, kazini, nikibishana na kaka zangu. Nilikuwa nimejivika jina lake tu.

Kwa hiyo, kama nawe umeshikwa na hamu ya kusimulia upya hadithi za Wagiriki kwa upande wa wanawake, naomba nikupunguzie miezi niliyopoteza. Weka hasira kando kidogo, usome simulizi la zamani ukiwa na penseli mkononi. Mimi nilirudi kwenye Odyssey, utenzi wa kale wa Homer kuhusu Odysseus kurudi nyumbani kutoka vitani, nyimbo zake zote 24, nikawa napiga mstari kila anapotajwa mwanamke. Wimbo wa 1 wengi wanaujua: Telemachus, mwana wa Penelope, anamwambia mama yake arudi chumbani kwenye ufumaji wake, maneno ni shughuli ya wanaume. Tukio tamu, na ndiyo maana kila mmoja wetu huanzia hapo. Penseli yangu ilikwama kwenye wimbo wa 20.

Ni alfajiri ya siku ambayo Odysseus atawaua wanaume 108 waliojazana nyumbani mwake wakitaka kumwoa mkewe. Odysseus yumo nyumbani mwake kwa sura ya ombaomba, anamwomba Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, ampe ishara. Radi inapiga, na mbinguni hakuna wingu. Hapo karibu wapo wanawake 12 ambao kazi yao ni kusaga shayiri na ngano. Kumi na mmoja wameshamaliza, wamelala. Mmoja, mnyonge kuliko wote, bado anasaga. Anaisikia radi, anasimamisha jiwe, anasema hii bila shaka ni ishara ya mtu fulani. Basi naye maskini atimiziwe ombi lake, leo iwe mara ya mwisho kwa wale wanaume waliokuja kumposa Penelope kula humu ndani, maana wameyalegeza magoti yake kwa kazi ya kuwasagia unga. Odysseus anayasikia maneno hayo, anafurahi, amepata alichokitaka. Mwanamke hatajwi tena. Jina hana.

Anajua kabisa radi ile si yake. Anaomba hivyo hivyo, kama mtu anayedandia lifti ya mwenzake. Nilikaa na mistari ile siku nyingi kuliko nilivyokaa na Penelope mwaka mzima.

Halafu likaja suala la kumwitaje. Mwanzoni niliandika "mtumishi", likanikaa vibaya. Mtumishi hulipwa mshahara, na akichoka huaga. Utenzi wenyewe unasema Eurycleia, yaya wa Odysseus, alinunuliwa kwa thamani ya ng'ombe 20. "Kijakazi" linapunguza mtu kwa ile ki- yake. Nikachagua "mjakazi", neno ambalo pwani yetu inalijua kwa sababu isiyopendeza. Usilichukulie jambo hili kama la kamusi tu. Nilipobadilisha neno hilo moja, sentensi nyingine sita zilizolizunguka zikaanza kunuka uongo, nikalazimika kuzifuta.

Sauti yake, hata hivyo, ilikuwa bado. Nilimwandika kwa Kiswahili cha ripoti: "kazi hii inanisababishia uchovu." Nikampigia simu mama, nikamuuliza bibi yetu kule Singida alikuwa anakaaje akisaga ulezi kwenye jiwe. Mama hakufikiri hata kidogo. "Kwa kupiga magoti. Magoti ndiyo yalimmaliza, siyo uzee."

Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu yule mjakazi.

Usiku huo nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, nikawa nasukuma na kurudisha mikono bila jiwe (mume wangu alipita, akanywa maji, hakuuliza). Nikaona kwamba ukiwa hivyo huwezi kutoa sentensi ndefu. Pumzi inaisha kila unaposukuma. Hapo ndipo maneno yake yakaja:

"Ngano ya wanaume mia na nane. Wenzangu wamelala. Nasukuma. Jiwe hili linanijua kuliko aliyeninunua. Narudisha. Kuna radi, siyo yangu. Nisikilize hivyo hivyo."

Kosa nililofanya baadaye lilikuwa kumpa wimbo wa kusagia wa kwetu, Kinyaturu kitupu. Ulipendeza, nikaufuta. Yeye yuko Ithaca, kisiwa cha Odysseus, anasaga shayiri na ngano, na bibi yangu hakumwachia wimbo. Alichoniazima bibi ni pumzi na magoti.

Jihadhari pia na kuwafanya wanawake wote kuwa wema. Katika wimbo wa 22, baada ya wale waposaji kuuawa, Eurycleia ndiye anayewataja wajakazi 12, kati ya 50 wa nyumba ile, kwamba hawakuwa waaminifu. Wanalazimishwa kuzibeba maiti na kufuta damu mezani, kisha Telemachus anawanyonga kwa kamba ya meli. Aliyewataja ni mwanamke aliyenunuliwa kama wao. Nimejaribu mara tatu kumtetea, mara mbili kumlaani, na kila mara ukurasa unakufa. Sasa namwacha ahesabu tu majina kwa vidole. Kama hao 12 ndio wale wa kwenye mawe, utenzi hausemi, nami sijathubutu kusema.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi ukurasa mmoja mpya, huo wa radi. Safari hii hakuvua miwani. Aliusoma mwenyewe, kimya, akanirudishia.

"Na wale kumi na mmoja," akasema, "nani aliwaamsha?"