Marundo mawili ya noti kwenye mkeka

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tororo aliniandikia. Amemzika mkewe mwaka huu, ana watoto watatu, na shangazi zao wameshawagawana kwa maneno: huyu ataenda kwa fulani, yule kwa fulani. Akaniuliza, "Kaka, wewe ulifanyaje?" Nilimpigia tukaongea, lakini usiku usingizi haukuja. Naandika yote hapa maana najua hayuko peke yake.

Mke wangu alifariki 2019. Mambo ya hospitali sitayasimulia. Aliniachia watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka kumi na mmoja, mdogo hajajua hata kufunga kamba za viatu. Matanga hayajaisha, ndugu yangu mmoja wa karibu akanivuta pembeni ya hema. "Mwanaume hawezi kulea," akasema. "Wagawe, uoe, uanze upya." Binti yangu alikuwa amesimama pale pale na kikombe cha chai mkononi, akasikia yote. Maneno hayo yananichoma mpaka leo na sioni haja ya kuficha.

Nilikataa. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimemwona baba yangu akikataa.

Baba alikuwa wa boda boda hapa Busia, upande wa Uganda, zile za baiskeli, kabla pikipiki hazijajaa. Vijana wengi hawajui kwamba jina lenyewe lilizaliwa huku mpakani. Kutoka kituo cha Uganda hadi cha Kenya palikuwa na mwendo, abiria ameshuka na mizigo yake, na wenye baiskeli wanamwita, "Boda! Boda!" Baba alikuwa ameshona mto wa sponji akaufunga juu ya keria, akaufunika kwa kipande cha turubai ili mvua isiuharibu. Mama alipofariki 1994 tulikuwa watoto watano, mimi kitinda mimba wa miaka saba. Shangazi walikuja na mifuko tayari kutubeba. Waliondoka na mifuko mitupu.

Kila jioni baba alitandika mkeka, akamwaga pesa za siku. Za Kenya huku, za Uganda huku, noti zimelowa jasho mpaka zinanata. Sisi tumekaa kumzunguka. "Hii ya unga. Hii ya tairi la nyuma. Hii ya daftari." Marundo yakiwa madogo tuliyaona kwa macho yetu, na usiku huo hakuna aliyeomba viatu.

Mwaka 1997 serikali ilipoanza elimu ya msingi ya bure, ilikuwa kwa watoto wanne katika kila familia. Sisi tulikuwa watano. Jirani akamshauri baba aniandikishe kwa jina la mjomba, kama wengine walivyofanya. Baba akasema mtoto wake hatakuwa wa mtu mwingine hata kwenye karatasi. Akaenda kwa mwalimu mkuu, wakaelewana alipe karo yangu kidogo kidogo kila Ijumaa. Nikiwa darasani nilimwona dirishani akiegemeza baiskeli kwenye mwembe, anapangusa uso kwa shati, ndipo anaingia ofisini. Kila kitu nilicho nacho leo, pamoja na hili duka langu la spea za pikipiki, kilianzia pale kwenye mwembe, na najivunia kulisema.

Lakini kuna jambo moja la baba nililiiga vibaya.

Baada ya mazishi baba hakutaja tena jina la mama mbele yetu. Nami nikaona huo ndio uanaume. Nilifungia gomesi za mke wangu, zile nguo zake ndefu za heshima, kwenye sanduku, nikashusha picha yake ukutani. Korona ikaja, shule zikafungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa kabisa Januari 2022, mpaka wa Kenya nao ukafungwa, duka likakauka, tukakaa wanne nyumba moja karibu miaka miwili. Jina lake sikulitaja hata siku moja.

Muhula uliopita, siku ya kutembelea wanafunzi kule bweni anakosoma mkubwa, nilikuwa na mzigo umekwama forodhani. Nikatuma pesa kwa simu ya matroni, nikajiambia baba naye alikuwa mtu wa kazi. Jioni kijana akapiga. "Baba, pesa imefika." Akanyamaza. Halafu akasema, "Mama angekuja."

Nilifunga duka nikaenda kwa dada yangu mkubwa, nikamwambia kila kitu. Akanisimulia nisichokijua. Jumapili nyingi, kabla hakujapambazuka, baba alimpakia kwenye keria wakaenda kupalilia kaburi la mama, wakarudi sisi tukiwa bado tumelala. "Hakumsahau," dada akasema. "Alishindwa tu kutuambia."

Ndugu yangu wa Tororo, watoto usiwagawe. Waambie shangazi zao asante, waje wakusaidie kufua, watoto wabaki kwako. Kama mkeo aliacha kiwanja au kitu kwa jina lake na hakuandika wasia, kisigawanywe chini ya hema. Sheria ya urithi ya Uganda iliyorekebishwa 2022 inawapa watoto asilimia 75 na mwenzi aliyebaki asilimia 20. Hesabu pesa mbele yao, hata zikiwa chache. Litaje jina la mama yao, lizoeleke mezani kama chumvi. Na uende mwenyewe. Usinidanganye, na usijidanganye, kwamba kutuma pesa ni kulea. Baba yangu hakuwa na simu ya kutuma pesa, alikuwa na baiskeli, na alifika kila Ijumaa. Mimi mwenye simu mbili nilishindwa kufika mara moja kwa muhula!

Picha imerudi ukutani. Mkeka tunautandika kila Jumamosi usiku, binti ndiye anaandika hesabu kwenye daftari, na asiporidhika ananiuliza pesa ya soda ilikwenda wapi. Gomesi ya kijani ameichukua yeye, ingawa bado ni ndefu mno kwake.

Wiki ijayo ni siku ya kutembelea tena. Kuku nimeshaagiza, dada ndiye atamkaanga. Tutaondoka alfajiri tupitie kaburini kwanza, maana mdogo ameomba, na jembe ameshaliweka karibu na mlango.