Mwalimu na madaraka: nawajibu wadau

Eti Nyerere aliwahi kuacha uwaziri mkuu mwenyewe au ni stori tu?

Kweli kabisa. Uhuru 9 Desemba 1961, Januari 1962 huyo kaachia ngazi kamwachia Kawawa, wiki sita tu! Akaingia mikoani kukijenga chama chake cha TANU, mwisho wa mwaka karudi na urais. Ila msimfanye malaika, uongozi wa chama hakuuachia, na hata 1985 alipompisha Mzee Mwinyi pale Ikulu aliendelea kushika CCM, chama kilichorithi TANU, mpaka 1990. Mzee alijua rungu liko wapi.

Kuhusu kazi alikuwa na msimamo gani?

Someni Azimio la Arusha la 1967, lile tamko la TANU la ujamaa na kujitegemea, halibembelezi mtu. Linasema mama wa kijijini kuna siku anapiga kazi saa 12 mpaka 14, Jumapili na sikukuu humo humo, halafu wanaume wa kijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Nusu ya maisha jamani! Mimi mwanaume nikifika hapo huwa nafungua ukurasa unaofuata haraka. Na lilisema hela sio msingi wa maendeleo, ni matunda yake, msingi ni watu na jasho lao, manake wakati ule kila mradi tulikuwa tunawaza nani nje atatukopesha.

Ni kweli kiongozi alikatazwa kupangisha nyumba?

Ndio, Azimio hilo hilo lilimkataza, na mishahara miwili, na hisa, na ukurugenzi kwenye kampuni binafsi. 1991 kule Zanzibar chama kikalegeza yote hayo kimya kimya. Tangu hapo mjadala wa nani ana nini haujaisha.

Mbona chama kimoja alikileta yeye halafu vyama vingi akavitetea?

Tume ya Nyalali, ile iliyowauliza wananchi 1991 wanataka chama kimoja au vingi, ilikuta karibu asilimia 80 wanataka kimoja kiendelee, yeye akawa upande wa mabadiliko, aliona chama kisicho na mpinzani kinalala. Angeliona mapema kidogo ingekuwa poa zaidi.

Kwa hiyo alikuwa dikteta?

Swali zito hili. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ni ya 1962 na aliitumia, vijiji vya ujamaa navyo vilianza kwa hiari ila kuanzia 1973 ikawa amri, watu wakahamishwa na nyumba zao nyingine zikachomwa. Ukimuuliza aliyehamishwa na ukimuuliza aliyesomeshwa bure enzi hizo utapata Nyerere wawili tofauti, na wote wawili wanasema kweli.