Mama ameanza kushika ukuta

Swali: Mama yangu ana miaka 74. Siku hizi akitembea anashika ukuta, na kwenye kigoda cha jikoni hainuki bila kuvutwa mkono. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mfikishie shikamoo yangu. Halafu acheni kumvuta! Tafuteni kiti kigumu, kiegemezeni ukutani. Aketi na kuinuka mara 5, apumzike, arudie. Akishuka, ashuke polepole, maana hapo mapaja hufanya kazi kweli. Kisha ashike meza, asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, akisikilizia unyayo unavyokanyaga sakafu. Mama yangu hufanya hivyo akingoja chai ichemke, kanga kaipandisha isimkwaze. Dagaa na maharage visikosekane. Akihisi kizunguzungu au kifua kubana, aache, mpelekeni kwa daktari.