Neno "ullage" lisikutie kiwewe

Ukitafsiri miongozo ya usalama kazini kwa muda wa kutosha, ipo siku utagongana na neno "ullage". Linatamkwa "aliji", na kwa ujumla linahusu ile sehemu ya juu ya pipa au tenki ambayo kimiminika hakijaijaza. Waingereza wengi wenyewe hawalijui. Wanaolijua ni watu wa mapipa, watu wa meli za mafuta na watu wa roketi, na kila kundi linalitumia kwa namna yake. Ushauri wangu kwa anayeanza kazi hii: usikimbilie kulitafutia neno moja la Kiswahili. Jiulize kwanza kinachopimwa ni nini, kinapimwa kuanzia wapi, na nani atakula hasara kipimo kikikosewa.

Neno hili limetoka kwa watu wa mvinyo. Kilatini kilikuwa na oculus, yaani jicho, na neno la jicho katika Kifaransa cha kale lilitumika pia kwa lile tundu la pipa linalozibwa kwa kizibo. Kitenzi ouiller kikawa na maana ya kujaza pipa hadi kwenye jicho. Kazi hiyo ilikuwa haiishi, kwa sababu pipa la mbao huvuja kwa siri: mvinyo hupenya kwenye mbao na kuvukiza, kiwango hushuka, hewa huchukua nafasi, na hewa ndiyo inayougeuza mvinyo kuwa siki. Kwa hiyo mwenye ghala hupita mara kwa mara akiongeza.

Waingereza walipolichukua, maana ikageuka. Kufikia karne ya 15 halikuwa tena tendo la kujaza, lilikuwa kile kilichopungua. Mimi naona hapo ndipo unapoona mkono wa biashara: aliyenunua pipa Bordeaux na kulipokea London alitaka kujua limepungua kiasi gani njiani, na mtoza ushuru naye alitaka kujua atoze kwa kiasi gani. Watoza ushuru hao walikuwa na rula maalumu za mbao zenye mstari mmoja wa pipa lililosimama na mwingine wa pipa lililolala. Pipa lina tumbo, hivyo inchi moja ya juu kabisa haina mvinyo sawa na inchi moja ya katikati. Baadaye neno likashuka hadhi. Katika baa za Uingereza ni bia iliyoharibika au kubaki kwenye pipa, na mabaharia wa jeshi lao wakalifanya tusi la mtu asiyefaa kitu.

Kwenye meli za mafuta hakuna utani. Pale ullage ni umbali kutoka alama iliyowekwa juu ya tenki hadi kwenye uso wa mafuta. Mpimaji hushusha utepe, husoma, kisha hufungua jedwali la tenki hilo kupata ujazo. Njia nyingine ni ile wanayoizoea watu wa vituo vya mafuta, kupiga dipu: fimbo inakwenda hadi chini, unasoma pale palipolowa. Moja inahesabu kutoka juu, nyingine kutoka chini. Chukua tenki la kimo cha mita 12. Mwongozo unasema ullage ni mita 2, maana yake mafuta yamefika mita 10. Mfasiri akiandika "kina cha mafuta ni mita 2", ameligeuza tenki lililokaribia kujaa kuwa karibu kavu, na kuna mtu atafungua vali aendelee kujaza.

Halafu kuna neno "tupu". Wafasiri wengi huandika "nafasi tupu" na kupita. Mimi silikubali. Juu ya petroli hakuna utupu, kuna mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Desemba 1969 meli tatu kubwa za mafuta, Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII, zililipuka ndani ya mwezi huo mmoja zikiwa zimeshapakua mzigo, matenki yakioshwa kwa maji ya shinikizo kubwa. Mactra ilikuwa katika Mlango wa Msumbiji, jirani zetu hapa. Baada ya mikasa hiyo ikawa desturi, kisha sheria, meli za namna hiyo kujaza matenki gesi isiyowasha moto, oksijeni isizidi asilimia 8. Mwaka 1996 ndege ya TWA 800 ililipuka karibu na New York na watu 230 wakafa. Tenki lake la katikati lilikuwa na mafuta kidogo sana chini, na juu yake mvuke uliopashwa moto na mitambo ya kiyoyozi iliyokuwa chini ya tenki. Mfanyakazi anayesoma "tupu" ndiye huyo anayeingiza mashine ya kuchomelea kwenye pipa la zamani la petroli.

Kiswahili chenyewe kina msaada ambao vijana wanausahau. Kilichojaa hadi mdomoni kimejaa pomoni, na kisichojaa ni shinda. Wazee waliosema debe shinda haliachi kutika walikuwa wanasema jambo ambalo dereva wa lori la mafuta analijua kwenye kona: mzigo usiojaa unacheza, na ukicheza unaweza kulilaza lori. Wahandisi wa roketi nao walikutana na kutika huko huko, tena pasipo na uzito, ambako mafuta huelea ovyo ndani ya tenki na pampu inaweza kunyonya gesi. Ndiyo maana hatua ya tatu ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ilikuwa na viroketi viwili vidogo vya kuisukuma mbele kidogo, mafuta yakae chini, ndipo injini kubwa iwashwe. Viroketi hivyo viliitwa kwa neno hili hili la mapipa.

Usije ukadhani basi dawa ni kujaza pomoni. Petroli huongezeka ujazo takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo lita 36,000 zilizopakiwa alfajiri zikipata joto la nyuzi 10 zaidi zitadai nafasi ya lita zaidi ya 300. Mtungi wa gesi ya jikoni nao huachiwa nafasi kwa sababu hiyo, na anayelalamika kwamba ukiutikisa unasikia haujajaa anapaswa kuupima kwenye mizani, maana gesi huuzwa kwa kilo.

Siku hizi, kwenye mwongozo wa vipimo naandika "umbali wa juu hadi kwenye mafuta" na namba yake. Kwenye usalama wa moto naandika "nafasi ya mvuke". Kwenye hati za forodha na mapipa, "upungufu" unatosha. Neno la Kiingereza naliweka mara moja tu, mwanzoni, kwa sababu ndilo litakaloonekana kwenye jedwali la tenki. Kabla ya kupeleka kazi nampigia simu mtu anayepanda juu ya matenki, namsomea sentensi, kisha namwuliza angefanya nini. Akisita, naiandika upya.