Ukisifia kila albamu, tukuamini kwenye ipi?

Wadau, habari za wikiendi. Leo naongea na nyie mnaoanza kuchambua muziki, wa YouTube, wa Instagram, wa redioni na mnaoandika kama mimi, maana sa hivi mko wengi na hilo ni jambo zuri sana, muziki wetu unahitaji watu wa kuuongelea. Ila kuna kitu kinaniuma muda mrefu na leo nakisema chote.

Albamu inatoka saa sita usiku. Ina nyimbo 16, hapo ni karibu saa nzima ya kusikiliza bila kurudia hata wimbo mmoja. Saa saba kasoro mtu kashapandisha video: albamu bora ya mwaka, kaua, hana mpinzani Afrika Mashariki, mpeni maua yake. Muda huo wimbo wa mwisho yeye hajaufikia. Wiki mbili baadaye inatoka nyingine, ya msanii mwingine, mtu ni yuleyule na maneno ni yaleyale, albamu bora ya mwaka tena. Ile ya kwanza imeenda wapi? Hasemi. Ikifika Desemba anatoa orodha yake ya mwaka na zote mbili hazimo.

Mnaona hapo shida sio kwamba alisifia. Kusifu ni kuzuri, sisi wenyewe ni watu wa kutunza, ukienda kwenye taarabu mtu akiguswa anainuka na noti yake mkononi anampelekea mwimbaji na hakuna anayemshangaa. Shida ni kwamba sifa yake haina kipimo. Leo nyimbo nyingi kwenye albamu ni dalili ya ubunifu, kesho nyimbo nyingi ni kujaza jaza. Leo msanii akipiga amapiano anaenda na wakati, kesho mwingine akipiga amapiano ileile, mpaka lile besi la kugonga ni lilelile, huyo anaiga Wasauzi hana jipya. Msanii wa kiume akitoa nyimbo za mapenzi kumi mfululizo anajua soko lake, wa kike akitoa za mapenzi tano anajirudia. Hili la wanawake naomba mkaliangalie kwenye kazi zenu wenyewe, kafungueni video zenu za mwaka jana mhesabu, nadhani wengi mtashtuka.

Mfano mwingine ni nyimbo za zamani ndani ya albamu mpya. A Boy from Tandale ya Diamond ilipotoka 2018 ndani yake kulikuwa na Nana, Kidogo, na ile remix ya Number One aliyofanya na Davido, yani vitu ambavyo tulikuwa tushavicheza kwenye harusi miaka kibao. Unaweza kusema hilo ni sawa, msanii anakusanya kazi zake sehemu moja watu wazipate, na mi naona hoja hiyo ina uzito. Unaweza pia kusema albamu iwe na vitu vipya. Chagua moja. Ukishachagua, siku Alikiba anatoa yake, siku Harmonize anatoa yake, siku dogo wa mkoani ambaye hakuna anayemjua anatoa yake, tumia hukumu hiyohiyo. Msomaji anaweza kukubishia kipimo chako na akaendelea kukusoma, ila akishagundua kipimo kinabadilika kufuatana na jina la kwenye kava, huyo umempoteza.

Sasa nifanyeje nisiyumbe, ndo swali ninaloulizwa sana. Mi nina daftari. La karatasi kabisa. Nikisikiliza sianzi na jina wala historia wala nani kagombana na nani, naandika ninachosikia na dakika niliyokisikia. Ukurasa mmoja wa hivi karibuni unasomeka hivi: "Wimbo wa 4. Unaanza na gitaa peke yake, tamu sana. Sauti imezamishwa kwenye miksi, nasikia pumzi kuliko maneno. Kiitikio cha tatu ni kilekile cha kwanza, hakuna kilichoongezwa. Dakika ya mwisho kinanda kinaingia, wimbo ndo unafunguka, halafu unaisha." Basi. Hapo hakuna kaua wala kazingua, lakini wewe ambaye wimbo hujausikia umeshapata picha, na msanii mwenyewe akisoma anajua akifika studio amwambie nini prodyuza wake.

Na sikilizeni kwenye vifaa vya maana jamani. Spika ya simu inakula besi yote, unasema biti ni nyepesi kumbe simu yako ndo nyepesi. Mi nasikiliza kwa hedifoni kwanza, afu nakaa nayo siku kadhaa, naisikiliza nikiwa napika, nikiwa kwenye daladala, maana kuna nyimbo zimetengenezwa kwa ajili ya spika kubwa na kelele za watu na ukizisikiliza umejifungia chumbani utazionea. Kingine ambacho kimenisaidia kuliko vyote, kabla sijaposti uchambuzi mpya narudi kusoma ninaoukumbuka wa albamu inayofanana na hii. Kama ile nilisema mashairi yanatosha na hii nataka kusema mashairi ni mepesi, naweka mistari pembeni kwa pembeni naangalia. Inachukua muda, ndiyo, ila ndo kazi yenyewe.

Wazee wetu walikuwa na upinzani mkali kuliko huu wa Team Kiba na Team Diamond, walikuwa na bendi za dansi, Msondo na Sikinde. Sasa cheki ilivyokuwa. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alikuwepo wakati NUTA Jazz inaanzishwa mwaka 1964, bendi ambayo baadaye ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, mpaka ikawa Msondo Ngoma. 1978 akaondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park, hao ndo Sikinde. 1985 akaenda bendi nyingine, Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo na akazeekea huko. Mwimbaji Hassani Bitchuka naye sauti yake imepita pande zote mbili. Shabiki wa wakati huo angefanyaje? Sauti aliyoisifia mwaka juzi sasa ipo kwa mpinzani, hawezi kusema imekuwa mbaya ghafla. Ndo maana ukikaa na wale wazee wakaanza kubishana utasikia vitu vya muziki kweli kweli, nani alikuwa anapiga solo, gitaa la pili lilikuwa linajibu vipi, tarumbeta ziliingia mapema au zilichelewa. Ushabiki ulikuwepo tena wa kutosha, ila masikio hayakufungwa.

Sisi mtihani huohuo tumeupata na wengi tumefeli. Harmonize alitoka WCB, lebo ya Diamond, 2019, Rayvanny akatoka 2022. Sauti zao zilibadilika usiku mmoja? Hazikubadilika. Lakini kuna kurasa ambazo hadi wiki ya mwisho zilikuwa zinawaita wafalme, na walivyotoka tu kila wimbo ukawa wa kawaida, hauna kitu, hawawezi bila lebo. Na kuna kurasa za upande wa pili zilizofanya kinyume chake, zilikuwa zinawaponda miaka yote na ghafla wakawa magwiji. Zote mbili ni zilezile. Kwahiyo kama unataka kumjua mchambuzi wa kweli usimwangalie siku msanii anatamba, msubiri siku msanii anahama lebo, soma alichoandika kabla na alichoandika baada.

Tukija kwenye maksi. Mi mwenyewe siku hizi sitoi maksi ila sikatazi mtu, na wanaotoa nawaomba watumie namba zote, kwa sababu ukiangalia kwetu hapa albamu mbovu inapata 7 na nzuri inapata 9, sasa 1 mpaka 6 zinafanya kazi gani? Na ukibadilisha mawazo, sema hadharani. Pitchfork, lile jarida la mtandaoni la Marekani linalotoa maksi mpaka za nukta, Oktoba 2021 walichukua albamu 19 walizokuwa wameshazipa maksi zamani wakazipa upya. Discovery ya kundi la Daft Punk waliyoipa 6.4 mwaka 2001 ikaenda 10. Albamu ya mwimbaji Liz Phair ya 2003 ambayo waliipa sifuri, sifuri kabisa, ikapanda mpaka 6. Albamu ya kwanza ya bendi ya Interpol ikashuka kutoka 9.5 kwenda 7. Unaweza kuwacheka, wapo waliowacheka, ila mi nawaheshimu kwa hilo maana maksi za zamani zilikuwepo, kila mtu anazijua, wao wakaandika waziwazi kwamba sasa tunaona hivi. Kwetu mtu anafuta posti.

Halafu kuna ukaribu. Huko huko Marekani 2001 Jann Wenner, mmoja wa waanzilishi wa jarida la muziki la Rolling Stone na ndiye aliyekuwa mmiliki, aliandika mwenyewe uchambuzi wa Goddess in the Doorway, albamu ya mwimbaji Mick Jagger ambaye ni rafiki yake, akaipa nyota 5 kati ya 5. Miaka zaidi ya 20 imepita na bado watu wakitaka mfano wa sifa za urafiki wanautoa huo. Jarida kubwa kiasi hicho! Sasa wewe mwenye ukurasa wa miaka miwili unadhani watu hawaoni kwamba kila anayekuja kwenye mahojiano yako wiki inayofuata albamu yake inakuwa moto wa kuotea mbali?

Kuhusu pesa niseme wazi. Kuna meneja mmoja alinipigia, mwenye heshima zake tu, akaniambia kaka usijisumbue, uchambuzi nakutumia ushaandikwa, wewe weka jina lako na akaunti ya kupokelea. Nilikataa. Siku albamu inatoka nikaona sentensi zilezile alizonitumia zimesambaa kwenye kurasa tofauti tofauti, neno kwa neno, mpaka koma imekaa palepale. Wasomaji wanadhani ni watu wengi wamekubaliana kumbe ni mtu mmoja na simu yake. Huo ni uchawa, na tusiupambe kwa kuuita sapoti. Najua maisha ni magumu na kazi hii hailipi, simlaumu kijana anayehitaji nauli. Ukilipwa kutangaza, tangaza, ila andika juu kabisa kwamba hili ni tangazo. Ukialikwa kusikiliza albamu kabla haijatoka ukala na ukanywa, nenda, mi naenda, ila mwambie msomaji kwamba nilialikwa. Mistari miwili tu inatosha.

Na matusi ya mashabiki. Yatakuja, sitawadanganya, na yanaumiza hasa yakimgusa mama yako. Nilichogundua ni kwamba ukitaja wimbo na dakika yanapungua, kwa sababu anayekuja kukutukana inabidi akasikilize kwanza hiyo dakika ya 2 uliyoisema, na wengine wakirudi wanabishana na wewe kuhusu gitaa badala ya kukutukana. Ukiandika tu "albamu mbovu" umewaita mwenyewe. Hapa pia niongezee kwamba kuponda kupita kiasi ni ugonjwa uleule wa kusifia kupita kiasi, wapo waliogundua kuponda kunaleta watazamaji zaidi na sasa wanaponda kama kazi, wimbo ambao hata hawajaumaliza.

Kwanini naumia hivi? Kwa sababu haya maandishi yetu ndo yatakayobaki. Tuzo za muziki za Kili zilisimama baada ya 2015, tuzo za muziki za taifa zikaja kurudi 2022. Katikati hapo ni miaka ambayo Bongo Fleva imetoka nje kweli kweli, albamu na EP, yani albamu fupi, zimetoka nyingi, na hakukuwa na jukwaa la taifa la kusema hii ndo ilikuwa nzuri zaidi mwaka huu. Kumbukumbu ya kipindi kile ni sisi wachambuzi. Mwanafunzi akija kutafuta 2018 kulikuwa na nini, 2020 kulikuwa na nini, atakuta nini? Atakuta albamu bora ya mwaka arobaini. Na yule msanii aliyekaa studio miezi na miezi, akatafuta mpiga kinanda wa kweli, akaandika mistari akaifuta akaiandika tena, kazi yake imezikwa humo humo katikati ya maneno yaleyale waliyopewa wote. Huyo ndo ninayemuonea uchungu. Anastahili mtu amwambie, wewe ulichofanya hapa ni tofauti, na maneno hayo yawe na thamani kwa sababu aliyeyasema huwa hayasemi kila Ijumaa.

Kwahiyo, najua mna presha, mkichelewa siku moja watazamaji wameshaenda kwa mwingine. Sawa, posti siku hiyohiyo. Ila andika hivi: nimeisikiliza mara moja, nyimbo zilizonishika ni hizi, kwa sababu hii na hii, hizi mbili bado sijazielewa, nitarudi nayo baada ya mwezi. Usiweke maksi siku hiyo, usiseme bora ya mwaka kama ndo kwanza Februari. Halafu mwezi ukiisha, rudi kweli.