Kilomita Hazihesabu Foleni: Kwa Nini Kemshafti Huliwa Mapema

Wiki iliyopita msomaji mmoja, dereva wa teksi ya mtandaoni anayezunguka kati ya Sinza na Posta, aliniandikia kwamba injini ya gari lake, ambayo haijafunguliwa tangu litoke bandarini, imeanza kugonga asubuhi kwa mlio kama wa cherehani, na kwamba fundi wake amemshauri aweke oili nzito ili itulie. Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiweke. Jibu refu, linalohusu kemshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu (milango ya hewa na moshi) za injini, naliandika hapa, kwa kuwa najua wengi wetu tumenunua magari haya kwa jasho na tunataka yatufikishe mbali kabla ya kufikiria jingine.

Gari langu nalo lilianza hivyo hivyo. Ni la Kijapani, la mwaka 2009, injini ya cc 1800, yenye roka za vigurudumu (mikono midogo inayosukumwa na nundu za kemshafti ili kufungua valvu) na tapeti za haidroliki (vipande vinavyotumia shinikizo la oili kuziba nafasi kati ya vyuma hivyo). Nilikuwa nikibadilisha oili na filta kila kilomita 10,000 kama stika ya gereji ilivyoelekeza, na stika hizo bado ninazo, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nililitelekeza. Ninaishi Tegeta na kazi yangu iko Posta. Anayeijua Barabara ya Bagamoyo saa moja asubuhi anajua kwamba kati ya Lugalo na Morocco gari husimama zaidi ya linavyotembea, kiyoyozi kikiwaka na injini ikinguruma pale pale.

Fundi wa kwanza alisikiliza mlio huo akasema ni mafuta mabaya ya kituo fulani. Wa pili alimwaga oili iliyokuwamo, akaweka 20W-50, ambayo ni oili nzito, na kweli kelele ikapungua. Nilimlipa na kumshukuru. Baada ya muda mfupi kelele ilirudi, safari hii pamoja na taa ya injini na mtikisiko kila niliposimama kwenye taa za barabarani. Niliporudi kwake alinijibu, "Bosi, magari ya siku hizi ndivyo yalivyo." Hilo ningelisamehe. Baadaye nilisikia amewaambia wateja wake wengine kwamba gari liliharibika kwa sababu mwenyewe hana adabu na pedeli ya mafuta, na hilo, nakiri, bado linaniuma.

Ukweli ulionekana kwa mzee mmoja wa Ilala ambaye hakutaka kubashiri. Alifungua kava ya juu ya injini, akafuta nundu za kemshafti kwa kitambaa, akaniambia nipitishe ukucha juu ya kila moja. Nyingi zilikuwa laini na za kung'aa. Mbili za upande wa ekzosi zilikuwa na mikwaruzo iliyokamata ukucha, na ncha zake zilikuwa bapa kiasi kwamba alipozipima kwa maikromita zilipungua kwa zaidi ya milimita moja kuliko jirani zake. Akaitoa roka iliyokuwa juu ya mojawapo. Kigurudumu chake, ambacho kinapaswa kuzunguka kwa kusukumwa na kidole kidogo, kilikuwa kimeganda, na upande mmoja kimechongeka. Sindano za beringi iliyo ndani yake, yaani vyuma vyembamba vinavyokifanya kizunguke, zilikuwa zimekauka na kuwa na rangi ya kahawia. Kwenye vijia vya oili kulikuwa na tope jeusi linalonata.

Hapo ndipo nilipoelewa yaliyotokea. Roka ya kigurudumu imetengenezwa ili ibiringike juu ya nundu badala ya kuiburuza, na ndiyo maana injini nyingi za kisasa zinaitumia. Kigurudumu kikikosa oili, sindano huchakaa, kigurudumu huganda, na kuanzia hapo chuma husugua chuma. Nundu ina tabaka gumu la juu tu. Tabaka hilo likishapenywa, ulaji ambao ulikuwa wa pole pole huwa wa kasi, valvu hufunguka kidogo kuliko inavyotakiwa, na silinda husika huanza kukosa nguvu. Kibaya zaidi, tapeti ya haidroliki hujaza yenyewe nafasi inayoachwa na chuma kilicholiwa, kwa hiyo mlio huchelewa kusikika. Ukiusikia, mara nyingi kazi ya kuharibu imekwishafanyika.

Tunadhani kinachoua injini ni mwendo kasi, lakini kwa kemshafti kusimama kwenye foleni ni kubaya zaidi. Pampu ya oili huendeshwa na injini yenyewe, hivyo injini ikizunguka taratibu shinikizo la oili huwa la chini kabisa, na oili iliyopata moto wa Dar es Salaam huwa nyepesi. Silinda hedi, sehemu ya injini inayobeba kemshafti na valvu, iko juu, mwishoni mwa njia ya oili. Zaidi ya hayo, kwenye mwendo mkubwa uzito wa valvu na roka zinazorushwa hupunguza mkandamizo wa springi kwenye ncha ya nundu, lakini injini ikizunguka taratibu nguvu yote ya springi hukaa pale pale. Ncha ya nundu hubeba mzigo mkubwa zaidi wakati utando wa oili ni mwembamba zaidi.

Sasa fanya hesabu ambayo stika ya gereji haifanyi. Gari linalosafiri kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 10,000 kwa saa zipatazo 170. Gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, na kwa baadhi yetu huo ni wastani mzuri, humaliza kilomita hizo hizo kwa zaidi ya saa 660. Kemshafti huzunguka nusu ya mizunguko ya injini, hivyo hata injini ikizunguka mara 700 tu kwa dakika nundu moja huisukuma roka yake mara 21,000 kila saa, gari likiwa halijasogea hata mita. Wenye matrekta na jenereta huhesabu saa, na mara nyingi humwaga oili kila saa 250. Sisi tunahesabu kilomita kana kwamba tunaishi kando ya barabara kuu ya Dodoma.

Kitabu cha gari langu kimeandikwa kwa Kijapani. Nilimpata mtu wa kunisomea, na ikaonekana kwamba kina ratiba mbili za oili, ya pili ikiwa ya magari yanayonguruma muda mrefu bila kwenda, ya safari fupi na ya barabara zenye vumbi. Muda wa ratiba hiyo ni nusu ya ule wa kwanza. Hakuna gereji hata moja iliyowahi kunitajia.

Wapo wanaolaumu oili za kisasa kwamba hazilindi nundu kama za zamani. Ni kweli kwamba kiwango cha ubora wa oili cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) kiitwacho SL, cha mwaka 2001, kiliruhusu fosforasi hadi asilimia 0.10, na SM cha mwaka 2004 kikaishusha hadi 0.08 kwa oili nyepesi, kwa kuwa fosforasi huharibu katalisti ya ekzosi, yaani kifaa kinachosafisha moshi. Kiongezi cha zinki na fosforasi ndicho kinacholinda nundu pale utando wa oili unapokatika. Mwenye injini ya zamani yenye tapeti bapa, zisizo na kigurudumu, ana haki ya kulifikiria hilo. Injini ya roka za vigurudumu inatosheka na kiwango hicho, na kwa maoni yangu lawama hiyo ni njia rahisi ya kukwepa swali la oili imekaa ndani kwa saa ngapi.

Kwa hiyo ndugu zangu, mwageni oili mapema. Mimi sivuki kilomita 4,000, na ninapobadilisha oili nabadilisha na filta, kwa sababu kumwaga oili na kuacha filta chafu ni kujidanganya. Nunueni oili iliyofungwa kwenye kopo lake, dukani mnakokujua, ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji; oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa muiache. Kama mtengenezaji anaruhusu 10W-30 kwa nchi za joto, itumieni bila hofu. Kosa ni kuweka oili nzito kwa ajili ya kunyamazisha mlio, kwani mlio huo ndio taarifa pekee mliyopewa. Angalieni kijiti cha oili kila wiki. Tena nasema, mwageni oili mapema. Watu wako tayari kununua rimu mpya kabla ya filta, kisha wanasema gari lina mkosi.

Mwezi uliopita mzee wa Ilala alifungua kava tena ili abadilishe gasketi iliyokuwa ikivuja. Kemshafti aliyonifungia badala ya ile iliyoliwa ilikuwa safi, nundu zote zinang'aa, bila tope. Nilipiga picha na, ndiyo, niliwatumia watu kadhaa, akiwemo mmoja ambaye hakujibu.

Ndugu wa Sinza, kabla ya kununua chochote mwambie fundi apime shinikizo la oili kwa geji, injini ikiwa imepata moto. Kisha akate filta ya zamani na kuikunjua kwenye mwanga. Unga mwepesi wa kijivu si wa kuogopa, ila vipande vinavyong'aa ni vya kuogopa. Vikionekana, afungue kava. Ikibidi ubadilishe, badilisha kemshafti pamoja na roka zake, kwa sababu roka iliyochongeka itaikata nundu mpya, na vijia vya oili visafishwe kwanza. Ukienda Gerezani kutafuta ya mtumba, beba ukucha wako, zungusha kila kigurudumu kwa kidole, na mwenye duka akisema roka aliziuza jana kwa mteja mwingine, vuka barabara uulize duka linalofuata.